Asilimia za prosesa zijazo ni asilimia za nini?

Kijana mmoja anayehariri video za harusi hapa Dar es Salaam aliniuliza swali ambalo wengi wenye kompyuta za mezani wanajiuliza sasa: anunue mashine mpya leo, au avute subira mpaka kizazi kijacho cha prosesa kitoke? Fedha anazo, kazi anazo, na mashine aliyonayo inamkeshesha hadi saa tisa usiku akisubiri video moja ikamilike. Kabla sijamjibu alinionyesha tetesi alizokuwa amezihifadhi kwenye simu. Zen 6, kizazi kijacho cha prosesa za AMD, itakuja na viini 24 (sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja), mapigo yake yatapita gigahezi 6, yaani bilioni 6 kwa sekunde, na wengine wanataja 7. Nova Lake ya mshindani wake Intel itakuja na viini 52. Chini ya kila tetesi palikuwa na asilimia: kumi, ishirini, na wapo waliothubutu kupanda zaidi ya hapo.

Nilizisoma kwa shauku ile ile aliyokuwa nayo yeye, maana habari hizi nimezifuatilia miaka mingi na bado zinanichangamsha. Lakini kila nilipofika kwenye asilimia nilikwama mahali pamoja. Asilimia ya nini? Ya kazi gani, ikilinganishwa na prosesa ipi, ikipimwa na nani?

Yaliyothibitishwa ni machache. Intel imesema Nova Lake inafika mwishoni mwa 2026. AMD imesema Zen 6 inatengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 2 ya TSMC, kampuni ya Taiwan inayowatengenezea wengine chipu, ikianzia kwenye prosesa za seva, na imeahidi kuihudumia soketi ya AM5, sehemu ya mazabodi inayopokea prosesa zake za sasa, hadi 2027 na kuendelea. Hesabu ya viini vya mezani, kasi ya mapigo na ukubwa wa kashe (kumbukumbu ndogo ndani ya prosesa) bado ni maneno ya mitaani, na hapa nitayachukua kama maneno ya mitaani. Hayo yanatosha kujadili, kwa sababu hatuhitaji kujua kila tarakimu ili tujue ni tarakimu zipi zina uzito.

Nianze na wenye shaka, kwa kuwa wao wana historia mkononi.

Pentium 4 ya Intel ilipotoka Novemba 2000 ilikuwa na mapigo ya gigahezi 1.4 na 1.5, na Intel ilizungumza hadharani juu ya kufika gigahezi 10 kabla muongo haujaisha. Waliosikia hawakuona ajabu. Kwa miaka mingi mapigo yalikuwa yakiongezeka maradufu kila baada ya muda mfupi, na aliyenunua kompyuta mwaka huu alijua ya mwaka kesho kutwa itamwacha mbali. Kisha njia ikafungwa. Mei 2004 mradi wa Tejas, uliokuwa urithi Pentium 4, ulifutwa. Oktoba mwaka huo huo toleo la gigahezi 4 lililokwisha kutangazwa likafutwa pia. Pentium 4 ikaishia gigahezi 3.8.

Sababu yake inafaa ieleweke vizuri, kwa maana ndiyo inayotawala hadi leo. Mwaka 1974 Robert Dennard wa IBM na wenzake walionyesha kwamba ukiipunguza ukubwa transista, ile swichi ndogo ya umeme inayoijenga chipu, na volti yake unaweza kuipunguza kwa kiasi hicho hicho, hivyo ukajaza transista nyingi zaidi kwenye eneo lile lile bila joto kuongezeka. Kwa miaka 30 hiyo ilikuwa karamu ya bure. Transista zilipokuwa ndogo mno, umeme ukaanza kuvuja hata zikiwa zimezimwa, na volti ikagoma kushuka. Tangu hapo kila pigo la ziada linalipiwa. Umeme unaotumika hupanda kwa kadiri ya mapigo, na kwa kadiri ya volti iliyozidishwa kwa volti. Ukiongeza mapigo kwa asilimia 10, na ukalazimika kuongeza volti kwa asilimia 10 ili chipu isiyumbe, hesabu ni 1.1 mara 1.1 mara 1.1: umeme umepanda kwa asilimia 33. Umepata kumi, umelipa thelathini na tatu, na yote imegeuka joto ambalo feni lazima ilitoe.

Ndiyo maana Core i9-14900KS ya Intel ya Machi 2024, mojawapo ya prosesa za mezani zenye mapigo ya juu kabisa yaliyowahi kuuzwa, ilifika gigahezi 6.2. Kutoka 3.8 hadi 6.2 ni ongezeko la asilimia 63 lililochukua karibu miaka 20. Hata hilo halikuja bure. Mwaka huo huo wa 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa za vizazi vya 13 na 14 zilikuwa zikiomba volti kupita kiasi na nyingine zikachakaa kabla ya wakati. Ikatoa marekebisho na kuongeza dhamana kwa miaka 2. Basi mwenye shaka akisikia gigahezi 7, anauliza volti itatoka wapi, na ana haki ya kuuliza.

Wenye matumaini hujibu kwamba mapigo ni nusu ya hesabu tu. Nusu ya pili ni kazi inayofanyika ndani ya kila pigo, ile ambayo wapenzi wa vifaa huiita kwa herufi IPC. Hapa wana hoja nzito kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu ongezeko hili halionekani kubwa ukilitazama mwaka mmoja mmoja. Chukua tarakimu za AMD yenyewe kwa kazi ya kila pigo: Zen 2 ya 2019 asilimia 15, Zen 3 ya 2020 asilimia 19, Zen 4 ya 2022 asilimia 13, Zen 5 ya 2024 asilimia 16. Hakuna hata moja ya kumshtua mtu. Zizidishe, utapata 1.79. Kisha tia mapigo ya Ryzen, prosesa za mezani zinazojengwa kwa viini vya Zen: Ryzen 7 1800X ya 2017 ilifika karibu gigahezi 4, Ryzen 9 9950X inafika 5.7. Zidisha tena. Kiini kimoja cha leo kinafanya takriban mara mbili na nusu ya kazi ya kiini kimoja cha miaka saba kabla yake. Hizo ni tarakimu za muuzaji, na wastani wake umetoka kwenye kazi alizozichagua yeye, kwa hiyo punguza unavyoona inafaa. Bado ukibaki na mara mbili, hayo ni maendeleo ya kweli, na yamefanyika katika kipindi ambacho watu walikuwa wakisema prosesa zimefika mwisho.

Wana hoja nyingine pia, ya ushindani. Kuanzia Core i7-2600K ya Januari 2011 hadi Core i7-7700K ya Januari 2017, prosesa kuu ya Intel kwa mnunuzi wa kawaida ilikuwa na viini vinne. Miaka sita, viini vile vile vinne. Machi 2017 AMD ikaleta Ryzen yenye viini vinane, na kufikia Oktoba mwaka huo Intel ilikuwa imeshaweka sita, na mwaka uliofuata vinane. Sheria za fizikia hazikubadilika kati ya Januari na Oktoba 2017. Kilichobadilika ni kwamba muuzaji alipata jirani. Leo wauzaji wawili wanaoshindana wanajiandaa kutoa kizazi kipya ndani ya kipindi kinachokaribiana, na mmoja wao, Intel, ametoka kushindwa na anataka kufuta aibu hiyo. Mwenye matumaini anaona hapo sababu ya kutegemea makubwa, nami simpingi.

Ila 2024 ilitufundisha jambo ambalo pande zote mbili huliruka.

Zen 5 haikuwa kiraka cha Zen 4. Wahandisi walipanua kiini hasa: vitengo vya hesabu kutoka vinne hadi sita, maagizo yanayoingizwa kwa kila pigo kutoka sita hadi nane, foleni ya maagizo yanayosubiri kutoka 320 hadi 448, na njia kamili ya biti 512 kwa hesabu za kisayansi. Agosti ilipofika, waliopima kwa kazi za seva na za kisayansi kwenye Linux walikuta mavuno mazuri. Waliopima kwa gemu kwenye Windows walikuta nyongeza ndogo kiasi kwamba wengi waliwashauri watu wanunue Zen 4 iliyoshuka bei. AMD ikaeleza kwamba vipimo vyake vilifanywa kwa akaunti ya msimamizi na kwamba Windows ilihitaji sasisho. Sasisho likaja, hali ikawa nafuu, lakini pengo kati ya matarajio na kilichoonekana halikuzibika.

Mfikirie mama ntilie anayeongeza majiko kutoka manne hadi sita na kuajiri wapishi wenye kasi zaidi, huku maji yakiendelea kutoka bomba lile lile la mtaani, kwa ndoo zile zile. Kama siku hiyo anapika chapati, kazi ya mikono na unga ulio hapo hapo, utaona tofauti kubwa. Kama anapika supu, wapishi watasimama wakiitazama njia ya bombani. Zen 5 ilipanuliwa jikoni, lakini kipande cha chipu kinachoshughulika na RAM kilikuwa kile kile cha Zen 4, bila kubadilishwa.

Na bombani ni mbali kuliko tunavyohisi. Kwenye gigahezi 5 pigo moja huchukua sehemu 0.2 ya nanosekunde, na nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Ndani ya muda huo nuru yenyewe husafiri sentimita 6 tu. Kufuata data kwenye RAM ya kompyuta ya mezani huchukua nanosekunde 70 hadi 80 au zaidi. Hiyo ni mapigo 350 hadi 400 ya kusubiri. Kiini hujitahidi kufanya mengine wakati kinangoja, na ndiyo kazi ya ile foleni ya maagizo 448, lakini kiini kinachoweza kumeza maagizo manane kwa pigo humaliza foleni hiyo kwa mapigo chini ya 60. Baada ya hapo kinasimama. Ndiyo maana kuna kashe, kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa yenyewe, ambayo hata ngazi yake ya tatu hujibu kwa takriban mapigo 50.

Oktoba mwaka huo wa 2024 Intel ikaleta Arrow Lake, kizazi chake kipya cha mezani. Viini vipya, teknolojia ya nanomita 3 ya TSMC, umeme mdogo zaidi kuliko ule wa kizazi cha 14. Kwa kazi za kurenda, yaani kukokotoa picha au video iliyokamilika, ilifanya vizuri. Kwenye gemu, prosesa yake kuu, Core Ultra 9 285K, mara nyingi ilikuwa nyuma ya 14900K iliyoitangulia, na Intel yenyewe ikakubali kwamba uzinduzi haukwenda ilivyopangwa. Sababu mojawapo kubwa: chipu iligawanywa vipande, na kidhibiti cha RAM kikawekwa kwenye kipande tofauti na kile chenye viini. Safari ya bombani ikarefuka. Wahandisi wa kampuni mbili tofauti, mwaka mmoja, wakajenga viini bora kuliko vya zamani, na wote wawili wakakwama kwenye njia ya kuleta data.

Ushahidi wa upande wa pili naupenda zaidi. Aprili 2022 AMD ilitoa Ryzen 7 5800X3D. Viini vyake vilikuwa vile vile vinane vya 5800X. Mapigo yake yalikuwa ya chini, 4.5 badala ya 4.7. Kilichoongezwa ni kipande kimoja cha kashe kilichobandikwa juu, na jumla ya kashe ya ngazi ya tatu ikatoka megabaiti 32 hadi 96. Kwenye gemu AMD ilitangaza wastani wa asilimia 15 zaidi hata ya Ryzen 9 5900X yenye viini 12, na waliopima walikubaliana nayo kwa kiasi kikubwa. Baadhi ya gemu zilizidi hapo sana, nyingine hazikusogea kabisa. Kwenye kurenda, prosesa hiyo ilikuwa nyuma kidogo ya ndugu yake wa bei nafuu. Yaani kiini kile kile, mapigo machache zaidi, na umepata kizazi kizima cha maendeleo kwa kazi moja na hasara kidogo kwa kazi nyingine. Mtu akikuuliza 5800X3D ilikuwa na kasi zaidi kwa asilimia ngapi, huna jibu moja la kumpa.

Kwa hiyo nikitazama tetesi za Zen 6, macho yangu yanapita juu ya gigahezi na kutua kwenye mambo mawili ambayo hayashangiliwi sana.

La kwanza ni kashe. Inasemekana kila kipande kitakuwa na viini 12 na megabaiti 48 za kashe, badala ya viini 8 na megabaiti 32. Wengi wanashangilia kashe iliyoongezeka kwa asilimia 50. Gawanya: 32 kwa 8 ni 4, na 48 kwa 12 ni 4. Viini vyote vikifanya kazi, hakuna kilichoongezeka kwa kila kimoja. Faida ipo pale kazi moja au chache zinapotumia kashe yote, kama gemu nyingi zinavyofanya, na hapo huenda ikawa nzuri. Tuliwahi kuona jambo linalofanana na hili: Zen 3 ilipounganisha makundi mawili ya viini vinne kuwa kundi moja la vinane linaloshiriki megabaiti 32, gemu ziliruka. Ila usitegemee kashe kujazwa ovyo ndani ya chipu, kwa maana sehemu hiyo imekuwa ngumu kupungua. TSMC ilipotoka teknolojia ya nanomita 5 kwenda toleo la N3E la nanomita 3, ukubwa wa seli moja ya kumbukumbu ya aina hiyo haukupungua hata kidogo. Transista za hesabu zinasinyaa, za kashe zimegoma, na kila milimita ya silikoni mpya ni ghali. Ndiyo sababu kashe kubwa inabandikwa juu au chini ya viini badala ya kutandazwa pembeni, na ndiyo sababu inauzwa kwa bei yake peke yake.

La pili ni kile kipande kinachoongea na RAM. Tetesi zinasema safari hii kitabadilishwa, pamoja na waya zinazokiunganisha na viini. Hili silioni kama ndoto, kwa kuwa AMD imekwisha kulifanya kwenye prosesa za Ryzen AI Max zilizotangazwa Januari 2025, ambazo vipande vyake vimeunganishwa kwa waya nyingi zilizolala sambamba badala ya njia chache zenye kasi kubwa. Likitokea kwenye kompyuta za mezani, kiini kipana cha Zen 5 kitapata hatimaye bomba la saizi yake. Huenda sehemu kubwa ya faida ya Zen 6 ikawa deni la Zen 5 linalolipwa.

Na teknolojia ya nanomita 2? TSMC inasema, ikilinganishwa na ile ya nanomita 3, inatoa kasi zaidi kwa asilimia 10 hadi 15 kwa umeme ule ule, au inapunguza umeme kwa asilimia 25 hadi 30 kwa kasi ile ile. Neno zito katika sentensi hiyo ni “au”. Wanaoeneza tetesi hulisoma kama “na”. Prosesa za mezani kwa kawaida huchagua kasi, kisha huipandisha hadi pale ambapo umeme unapanda kwa ukali, na huko juu faida ya teknolojia mpya huwa nyembamba kuliko tarakimu ya tangazo.

Viini navyo vina hesabu yake, iliyoandikwa na Gene Amdahl mwaka 1967 na haijazeeka. Kama asilimia 90 ya kazi inaweza kugawanywa, viini 16 vinaifanya mara 6.4 haraka kuliko kimoja, na viini 24 mara 7.3. Umeongeza viini kwa asilimia 50, umepata asilimia 14. Kama nusu tu ya kazi inagawanyika, kutoka 16 hadi 24 unapata asilimia 2. Zipo kazi zinazogawanyika karibu zote, kama kurenda picha za pande tatu au kujenga programu kubwa kutoka msimbo wake, na wenye kazi hizo wana kila sababu ya kusubiri. Viini 52 vya Nova Lake, kama tetesi ni za kweli, havihesabiki hata kwa njia hiyo: vikubwa vinasemekana kuwa 16, vidogo 32, na vinne vya kuokoa umeme. Huwezi kujumlisha malori na bodaboda ukasema una magari 52.

Kuna tatizo la vipimo vyenyewe pia. Ili kuonyesha tofauti ya prosesa kwenye gemu, wapimaji hutumia kadi ya grafiki ghali kuliko zote na kushusha ubora wa picha ili kadi isiwe kikwazo. Wanafanya sawa, maana vinginevyo wangekuwa wanapima kadi. Lakini mwenye kadi ya kati anayecheza kwa picha kali ataona sehemu ndogo tu ya tofauti ile, pengine asiione. Halafu wale hupimia kwenye vyumba vya nyuzi 21 hivi. Chumba kisicho na kiyoyozi Dar au Mombasa mwezi wa Februari kina nyuzi 32, na nyuzi hizo 11 zinaongezwa moja kwa moja juu ya joto la prosesa. Prosesa za sasa zimeundwa kupanda hadi kikomo cha joto kisha kujipunguza zenyewe; Ryzen 9 7950X ilitengenezwa ikae kwenye nyuzi 95 bila wasiwasi. Kwa hiyo sehemu ya zile gigahezi za juu, ambazo ndizo zinazotangazwa kwa herufi kubwa, haifiki kabisa kwenye chumba cha pwani. Mimi ningekuwa na uwezo wa kuchagua lile “au” la TSMC, ningechukua umeme kidogo kila mara.

Sasa niseme ninachoamini. Kwa kiini kimoja, nategemea karibu asilimia 20: nane au kumi za mapigo, kumi za kazi ya kila pigo, zikizidishwa. Kwa kazi zinazogawanyika vizuri, nyongeza ya asilimia 40 au 50 juu ya prosesa kubwa ya leo haitanishangaza, mradi umeme uruhusu. Kwa gemu sitoi tarakimu moja. Anayetoka kwenye prosesa ya kawaida ataona mengi. Anayetoka kwenye Ryzen 7 9800X3D, ambayo tayari ina megabaiti 96 za kashe na nayo ilikuwa juu ya mtangulizi wake kwa takriban asilimia 8 tu kwa hesabu ya AMD, asitegemee muujiza. Hoja inayoweza kunibomoa ni kwamba kipande kipya cha RAM kitakuwa bora kuliko ninavyofikiri, na hapo asilimia 20 zangu zitaonekana za mtu mwoga. Ningefurahi sana kukosea upande huo.

Tatizo jingine la kusubiri ni kwamba bei haisubiri nawe. Mwishoni mwa 2025 bei za RAM za DDR5 zilipaa, kwa kuwa viwanda vilielekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili unde, na Desemba mwaka huo Micron ikatangaza kuiondoa sokoni chapa yake ya Crucial kwa wanunuzi wa kawaida. Prosesa yenye kasi zaidi kwa asilimia 20, ikiwekwa kwenye mashine yenye RAM nusu ya ile uliyoihitaji, ni mashine ya polepole. Aliye tayari na mazabodi ya AM5 na RAM yake ana sababu nzuri ya kutulia, kwa maana huenda atabadilisha prosesa peke yake. Anayeanza na meza tupu hana kinga hiyo.

Nirudi kwa kijana wa harusi. Kabla ya kuzungumzia vizazi nilimwomba anifungulie faili moja kutoka kwenye kamera yake. Ilikuwa video iliyobanwa kwa mtindo wa H.265 wa biti 10, wenye kuhifadhi rangi kwa undani zaidi (4:2:2), kama zinavyorekodi kamera nyingi za kisasa. Aina hiyo ya faili, kadi nyingi za grafiki za miaka ya karibuni haziwezi kuifungua zenyewe; Nvidia iliongeza uwezo huo kwenye kizazi chake cha 2025. Grafiki ndogo iliyo ndani ya prosesa za Intel inaiweza tangu miaka kadhaa kabla ya hapo. Mashine yake ilikuwa ikiifungua faili kwa nguvu za viini peke yake, na hata kuburuta mshale kwenye video kulikuwa shida. Tofauti aliyoihitaji haikuwa asilimia 20. Alihitaji kitengo kidogo cha silikoni kinachojua kusoma faili zake, na kitengo hicho kimo kwenye Core i5 ya kizazi cha 12 yenye grafiki yake ndani, iliyotoka mwishoni mwa 2021, ambayo mafundi wa Kariakoo wanaiuza ikiwa imetumika. Alinunua mashine hiyo, na fedha zilizobaki akaweka kwenye RAM na diski.

Mimi nitasubiri. Kazi yangu ni kujenga programu kubwa, nayo hugawanyika vizuri kwenye viini vingi, na mazabodi yangu ni ya AM5. Siku vipimo vya kwanza vya Zen 6 vitakapotoka, nitaanza na kipimo cha nanosekunde ngapi kiini kinasubiri data kutoka kwenye RAM. Kama imebaki karibu na 80, nitaendelea na niliyonayo mwaka mwingine. Ikiwa imeshuka vya kutosha, nitaanza kutafuta bei.